Mawimbi ya Nuru (5): Dirisha la Malus na Jicho la Samaki

Katika mfululizo huu, leo ilikuwa zamu ya antena. Lakini nimesoma tena habari ya Nader Engheta, mzaliwa wa Tehran anayefundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na nishani ya Benjamin Franklin aliyotunukiwa mwaka 2023, na antena nimeziweka kando. Upolarishaji, yaani mawimbi ya nuru kutetema katika mwelekeo mmoja, tulikwisha kuueleza, sirudii. Ila huwezi kumfikia Engheta bila kupita kwa Malus. Mhariri aniwie radhi.

Étienne-Louis Malus alikuwa mhandisi katika jeshi la Napoleon. Alikwenda naye Misri, tauni ikampata Jaffa, akapona. Mwaka 1808, akiwa Paris, alishika kipande cha kalisaiti, lile jiwe ambalo mwanasayansi Bartholin aliandika tangu 1669 kwamba huonyesha kitu kimoja kama viwili. Akalielekeza kwenye madirisha ya Kasri la Luxembourg, yaliyokuwa yakimetameta kwa jua la magharibi. Akaona majua mawili. Alipoligeuza jiwe, moja likafifia, jingine likazidi kung'aa. Kumbe kioo cha dirisha tu, kwa kuakisi nuru, kilikuwa kimekwisha kuichuja, yaani kuipolarisha! Miaka minne baadaye alifariki, akiwa na umri wa miaka 36.

Wangapi waliyaona madirisha yale wakaenda zao? Nasi je? Tunatembea na kamera mfukoni, tukajipiga picha wenyewe. Mwenye miwani ya jua ya kupolarisha na aivae ufukweni, kisha alaze kichwa begani: mng'ao wa maji uliopotea utarudi. Jaribio hilo halihitaji ruzuku ya mtu.

Engheta ni mtu wa nadharia, wa milinganyo ya Maxwell ya sumaku-umeme, kazi ambayo wakubwa wetu huiuliza, "Italeta nini mezani?" Ilileta hiki: mwaka 1995 yeye na wenzake walimwiga Lepomis cyanellus, samaki wa maji baridi wa Marekani ambaye jicho lake hutambua upolarishaji. Piga picha mbili kwa vichujio vya kupolarisha vilivyokingamana, kisha toa moja katika nyingine, nukta kwa nukta. Nuru iliyotawanywa na maji machafu huwa karibu sawa katika zote mbili, hivyo hufutika. Kilichojificha nyuma yake hubaki.

Nilitaka pia kumleta Odontodactylus scyllarus, yule mnyama afananaye na kamba anayeishi hata katika bahari yetu na ambaye naye huona upolarishaji, lakini Malus amekula nafasi yote.