Kompyuta kuukuu za Morogoro bado zina kazi

Tarehe 14 Oktoba 2025, Watanzania wakiwa mapumzikoni kumkumbuka Mwalimu Nyerere, kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Hakuna kompyuta iliyozimika siku hiyo. Kesho yake, kwenye steshenari za Msamvu, Kihonda na jirani na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), watu waliendelea kutoa kopi na kuchapa barua kama kawaida. Kilichokoma ni viraka vya usalama. Tangu hapo, kila tundu jipya linalogunduliwa katika mfumo huo hubaki wazi kwa yeyote ambaye hakujiandikisha kwenye huduma ya nyongeza.

Mrithi wake, Windows 11, alitoka Oktoba 2021 akiwa na masharti magumu. Anataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya; kwa Intel, ni kuanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mezani tunazouziwa kama “used” zilitengenezwa kabla ya hapo. Kwa kipimo hicho, mashine inayowaka vizuri na kumlipia mwenyewe kodi ya fremu imeshahukumiwa kuwa haifai.

Hukumu hiyo haistahili kupokelewa kichwa kichwa. Umri wa kompyuta si hatari. Hatari ni kuiacha na mfumo ambao hakuna anayeutunza. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizikumba kompyuta katika nchi nyingi na kuvuruga huduma za hospitali za umma nchini Uingereza, wakati kiraka cha kukizuia kwenye matoleo yaliyokuwa bado yanahudumiwa kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Walioumia ni waliochelewa kukiweka na waliobaki kwenye mifumo iliyokwisha kuachwa.

Mwenye steshenari ana sababu ya ziada ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Kompyuta yake hupokea flashi za kila mpita njia, na humo mna vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa na fomu za mikopo ya HESLB. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayeshika taarifa za watu azilinde.

Kwanza fungua kasha

Chukua mfano wa Dell OptiPlex 7010, mashine ya mwaka 2012. Kasha lake halidai bisibisi: vuta lachi, mfuniko unatoka. Ndani, vumbi huwa limeganda kwenye feni na kwenye mapezi ya kipoza joto. Itoe nje, ipulize kwa blowa huku umeishika feni isizunguke. Dawa ya joto iliyo juu ya prosesa huwa imekauka. Ifutwe na kupakwa mpya.

Kisha tazama betri ya duara kwenye ubao mama, ile ya CR2032. Ndiyo inayotunza saa umeme ukiwa haupo. Ikifa, kila TANESCO wakikata, kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na tovuti zenye ulinzi zinagoma kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana kama havijaanza kutumika. Mwenye mashine hulaumu mtandao na kuongeza bando, kumbe ni betri tu.

Kinachoifanya mashine hii ionekane imezeeka mara nyingi ni diski ya kuzunguka. Weka SSD, ongeza RAM ya DDR3 hadi GB 8, na Core i5 yake ya kizazi cha tatu itafungua kivinjari na kuchapa nyaraka bila kukuchosha. Baada ya hapo ndipo uzungumze na fundi kuhusu “kupiga Windows”.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kununua muda. Microsoft ilifungua huduma ya nyongeza ya viraka kwa watumiaji binafsi hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa mashirika, bei ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Taasisi za elimu zilipangiwa dola 1 tu kwa mwaka wa kwanza. Kwa shule yenye leseni halali, hiyo ni nafuu ya kweli, ila ni ya muda.

Njia ya pili ni kuilazimisha Windows 11. Mafundi huandaa flashi kwa programu ya bure iitwayo Rufus, ambayo huondoa ukaguzi wa TPM na prosesa. Kwenye 7010 inakubali. Lakini Microsoft imesema wazi kuwa kompyuta isiyotimiza masharti haina haki ya kupata masasisho. Yanaweza kuja leo na kukoma kesho, na toleo kubwa la kila mwaka mara nyingi hudai kazi ya flashi irudiwe. Tena, tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024, prosesa za zamani kama Core 2 Duo hazina baadhi ya amri ambazo mfumo unazihitaji, na hapo hakuna ujanja: haiwaki. Anayechagua njia hii aijue, na fundi amweleze kabla ya kupokea hela. Fundi anayemalizia kazi kwa programu ya wizi ya kuamsha leseni anaweza kuwa anamfungulia mdukuzi mlango.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mashine za aina hii: kuweka mfumo endeshi huria wa Linux. Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, itapata viraka hadi 2029 bila malipo. Toleo lake la Xfce ni jepesi, linataka RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndizo za kufanyia kazi kwa raha. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski: ukiona printa, sauti na Wi-Fi vinaitika, unaisimika, visipoitika, unachomoa flashi na hakuna kilichoharibika.

Programu huria si ngeni kwetu. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. LibreOffice inayokuja na Mint leo ni ya ukoo huohuo wa OpenOffice.

Sehemu kubwa ya kazi za steshenari imehamia kwenye kivinjari: Ajira Portal, maombi ya HESLB, usajili wa BRELA, leseni za biashara kwenye TAUSI, matokeo ya NECTA. Kivinjari cha kisasa hufanya kazi vilevile kwenye Linux. Mwanafunzi wa SUA anayechora ramani za misitu ya Uluguru kwa QGIS, au anayechambua takwimu za shamba kwa R, hatapungukiwa. Atakayekwama ni anayetegemea CorelDRAW kwa kadi na fulana, au programu ya hesabu iliyoandikwa kwa Windows pekee, au mwenye printa isiyo na programu yake kwa Linux. Huyo abaki na mashine moja ya Windows inayohudumiwa, nyingine azihamishe.

Milimani

Shule za Mgeta, Matombo na Kinole ndizo nazifikiria zaidi. Kwenye mabonde ya Uluguru mtandao ni wa kubahatisha na bando ni gharama. Faili la Mint, lenye karibu GB 3, linapakuliwa mara moja mjini, linapandishwa mlimani kwenye flashi na kusimikwa kihalali katika chumba kizima cha kompyuta. Ukiongeza programu ya Kiwix, wanafunzi watasoma Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti. Viraka navyo vina ratiba yake: mwalimu apeleke mashine mjini wakati wa likizo, au atumie siku ambayo mtandao umekaa vizuri.

Kuna pia suala la taka na maji. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ubao mama wa zamani unaweza kuwa na risasi, na ukichomwa jalalani sumu yake huingia hewani na ardhini. Milima ya Uluguru ndiyo chanzo cha Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam, na vijito vyake hulijaza Bwawa la Mindu linaloutegemeza mji wa Morogoro. Kila kompyuta inayoongezewa miaka mitano ya kazi ni mzigo uliocheleweshwa kufika jalalani. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujalipia kompyuta mpya au “kupigiwa” mfumo kwenye ya zamani, hifadhi kwanza nakala ya kazi zako pembeni, kisha muulize fundi maswali matatu: mfumo huu utapata viraka hadi lini, leseni yake ni halali, na printa yangu itafanya kazi? Fundi asiyeweza kuyajibu, usimwachie mashine yako.