Salamu ya Meseji Tatu Ilikaa na Shimo Miaka 17, na Wasomi Hawakuona

Ukiingia kafe na simu ishike Wi-Fi, kuna salamu hupigwa kabla bando ianze kuteleza. Simu na kile kiboksi wanaulizana, "Ni wewe kweli?" Hizo salamu ndizo huitwa protokali. Zikiwa na shimo, paswadi yako hata iwe ngumu aje, umeenda.

Cheki hii stori. 1978, Roger Needham na Michael Schroeder walitoa protokali ambayo kiini chake ni meseji tatu. Shiro anamtumia Brayo namba ya siri, imefungwa, Brayo pekee ndiye ataifungua. Brayo anarudisha hiyo namba pamoja na yake. Shiro anarudisha ya Brayo. Wamejuana, kwisha.

1995, Gavin Lowe akasema zii. Tuseme Shiro anaanza kubonga na Kevo, msee ako kwa mtandao kihalali lakini ni tapeli. Kevo anachukua namba ya Shiro, anampelekea Brayo akijifanya Shiro. Jibu la Brayo linakuja limefungwa, Kevo hawezi kulisoma. So anamrushia Shiro vile liko! Shiro anadhani ni Kevo amejibu, anafungua, anamtumia Kevo namba ya Brayo. Sasa Brayo anamwaga siri kwa Kevo akidhani ni Shiro, na hakuna kufuli imevunjwa. Dawa? Brayo aweke jina lake ndani ya jibu. Jina tu, manze.

Mwaka uliofuata Lowe akaonyesha vile programu inaitwa FDR inaweza kunusa hilo shimo yenyewe. Unaiandikia kihesabu kile Shiro na Brayo hufanya, halafu unaiwekea mwizi mwenye anasoma, anazuia na anageuza meseji zote. Inajaribu kila njia. Mwizi akipita, inakuchorea hatua kwa hatua. Binadamu angechoka kitambo. TLS 1.3, yenye hulinda tovuti kibao za https, ilipimwa na ProVerif na Tamarin kabla itoke 2018.

Lakini usilale. Salamu ya WPA2 kwa Wi-Fi ilikuwa imethibitishwa kihesabu, na 2017 Mathy Vanhoef bado akaipiga na KRACK. Hesabu haikudanganya, ni vile hakuna mtu aliiuliza simu huweka ufunguo lini. Ukiirudishia meseji ya tatu, simu ilikuwa inaweka ufunguo uleule tena na kuanza kuhesabu upya. Simu zilirekebishwa baadaye. Yako ilisasishwa lini?