Miti ya Bure Iliyokataliwa Detroit

Kati ya mwaka 2011 na 2014, wakazi 7,425 wa mji wa Detroit, Marekani, walistahili kupandiwa mti mbele ya nyumba zao bila kulipa hata senti. Kazi yote ingefanywa na The Greening of Detroit, shirika lisilotengeneza faida lililoanzishwa mwaka 1989 ili kurudisha kijani katika mji uliokuwa umekauka. Zaidi ya wakazi 1,800 walikataa. Karibu mtu mmoja katika kila wanne alisema mti wenu siutaki.

Watu wa mazingira wana jibu la haraka kwa jambo kama hili: wananchi hawajaelimishwa, waongezewe semina. Mtafiti Christine Carmichael hakuridhika na jibu hilo, akaenda kuwauliza wakazi wenyewe. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2019 pamoja na Maureen McDonough wa Michigan State University yanapaswa kusomwa na kila anayepanga kupanda mti katika mtaa wa watu. Waliokataa walijua vizuri faida za miti, kuanzia kivuli hadi hewa safi. Walichokuwa na shaka nacho ni nani anayeuleta mti huo, ameamua na nani, na ataonekana tena lini.

Shaka hiyo haikuzuka hivi hivi. Katikati ya karne iliyopita Detroit ilikuwa na sifa ya miti, hasa elmi, mti mrefu ambao matawi yake hukutana juu ya barabara yakafanya kama paa. Mwaka 1950 ukaonekana mjini ugonjwa wa elmi unaoletwa na kuvu. Kuvu hiyo hubebwa na mbawakawa wadogo wanaotoboa gome, lakini ina njia nyingine ya hatari zaidi: elmi zilizopandwa karibu karibu huunganisha mizizi chini ya ardhi, na ugonjwa hupita kutoka mti hadi mti bila kuhitaji mdudu. Barabara nzima zilikuwa zimepandwa aina hiyo moja tu, kwa mstari. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1950 na 1980 Detroit ilipoteza miti nusu milioni kwa sababu ya ugonjwa huo, upanuzi wa mji na ukosefu wa matunzo.

Serikali ya jiji ilipambana kwa dawa na misumeno. Helikopta zilipita juu ya nyumba zikinyunyiza DDT, na elmi zilizougua zikaangushwa. Kisha ikaja Julai 1967, maasi yaliyoanza baada ya polisi kuvamia kilabu cha pombe katika mtaa wa Weusi. Watu 43 walikufa. Baadhi ya wanawake Weusi waliozungumza na Carmichael walikumbuka kwamba baada ya maasi hayo ndipo miti ya mitaa yao ilipokatwa kwa wingi, na wao walielewa kwamba ilikatwa ili polisi waweze kuwaona vizuri kutoka juu. Jiji lilisema ni ugonjwa. Ugonjwa ulikuwepo kweli, kila mtaalamu wa misitu atakiri hivyo. Lakini wakazi hawa walikuwa wameona helikopta, wameona dawa, wameona msumeno, na sauti yao haikuwa na uzito katika uamuzi wowote kati ya hayo. Miaka 40 baadaye, ofisi nyingine inapogonga mlango na mche mkononi, haingii katika nyumba isiyo na kumbukumbu.

Isitoshe, kosa la kitaalamu lilirudiwa. Katika mitaa mingi nafasi ya elmi ilijazwa na miti ya ashi, tena kwa mistari ya aina moja. Mwaka 2002 mbawakawa mwingine, wa rangi ya zumaridi, mzaliwa wa Asia, aligunduliwa karibu na Detroit, na tangu hapo ameua ashi kwa makumi ya mamilioni Amerika Kaskazini. Mzee aliyekaa nyumba moja maisha yake yote huenda ameshuhudia mtaa wake ukivuliwa miti mara mbili.

Halafu kuna suala la ufagio. Ukanda wa nyasi ulio kati ya njia ya waenda kwa miguu na barabara ni mali ya jiji, lakini majani yanayoanguka hapo yanamsubiri mwenye nyumba. Yeyote aliyekulia penye mwarobaini uani anajua nani hufagia na nani hupumzika tu kivulini. Huko Detroit mzigo huo ulikuja wakati mbaya. Mji uliokuwa na watu karibu 1,850,000 mwaka 1950 ulibaki na takriban 714,000 mwaka 2010, na mwaka 2013 jiji likaenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Kodi ilipopungua, kikosi cha miti cha manispaa nacho kilipungua. Miti iliyokufa ilisimama miaka bila kukatwa, matawi yakining'inia juu ya magari na nyaya, mingine mbele ya nyumba zilizohamwa. Mkazi aliyepiga simu manispaa tena na tena kuomba mti mkavu uondolewe ana sababu nzuri ya kukataa kupandiwa mwingine.

Mbaya zaidi, wakati huo shirika ndilo lililochagua aina ya mti na mahali pa kuupanda. Mkazi alibakiwa na neno moja tu la kusema, ndiyo au hapana. Wengi wa waliokataa walimwambia mtafiti kwamba wangefurahi kupata mti endapo wangeshirikishwa tangu mwanzo.

Kitaalamu, ushirikishwaji huo ni sharti la mti kuishi. Mti wa mjini hufa zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Mizizi yake imekatwa kitaluni wakati wa kung'olewa, udongo wa kando ya barabara umeshindiliwa, na chumvi inayomwagwa wakati wa baridi kuyeyusha barafu huingia ardhini. Katika majira ya joto mche unahitaji lita 70 hivi za maji kila wiki, zikimiminwa polepole. Matandazo yasirundikwe kwenye shina, kwani gome likikaa na unyevu huoza. Na pale shina linapotanuka kuwa mizizi panapaswa kuonekana juu ya ardhi, pasifukiwe. Hakuna shirika lenye wafanyakazi wa kufuatilia mambo haya mbele ya maelfu ya milango. Anayeweza ni yule anayeuona mti kila asubuhi akitoka kwenda kazini.

The Greening of Detroit lilisikia. Baada ya utafiti huo liliongeza nguvu katika kuzungumza na wakazi kabla ya kupanda na kuwapa nafasi ya kuchagua. Shirika hilo pia huajiri vijana wa Detroit wakati wa likizo kumwagilia na kutunza miche, na huwafundisha watu wazima kazi ya miti na bustani ili wapate ajira. Jambo hilo la ajira lina uzito mkubwa: mtoto wa jirani akija na ndoo, mwenye mlango anajua pa kumpata mti ukiugua.

Philadelphia, mji mwingine uliopoteza viwanda na watu, ulianza na tatizo tofauti. Huko palikuwa na viwanja takriban 40,000 vilivyotelekezwa, vimejaa matairi, magodoro na magugu ya kimo cha mtu. Mwaka 1996 Pennsylvania Horticultural Society, chama cha bustani cha tangu 1827, kilianza kusafisha viwanja hivyo katika mtaa wa Kensington pamoja na jumuiya ya wakazi wa hapo. Njia yenyewe ni nyepesi kuliko mtu anavyodhani. Takataka zinaondolewa, ardhi inasawazishwa, udongo wenye rutuba unamwagwa, nyasi na miti michache vinapandwa, kisha inawekwa fensi ya mbao inayofika kiunoni.

Fensi hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Ni fupi, ina mapengo, mtoto anapita, bibi na kiti chake anapita. Lori la kumwaga taka halipiti. Anayepita barabarani anaelewa mara moja kwamba kiwanja kina mtunzaji, na kwamba yeye mwenyewe anakaribishwa kuingia. Gharama ilikuwa kama dola 1,600 kwa kiwanja, na dola 180 hivi kwa mwaka za matunzo. Leo mpango huo unatunza takriban viwanja 12,000, na sehemu ya kandarasi za kufyeka hupewa vikundi vya mitaa vinavyoajiri majirani, wakiwemo watu waliotoka gerezani.

Watafiti walikipima kijani hiki kwa jaribio linalofanana na la dawa. Viwanja 541 viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vipandwe, vingine visafishwe tu, vingine viachwe kama vilivyo. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Katika mitaa ya watu maskini zaidi, uhalifu wa bunduki ulipungua kwa asilimia 29. Watu waliosema wanajisikia kuwa na sonona walipungua kwa asilimia 41.5 miongoni mwa walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa, wakilinganishwa na walioishi karibu na vilivyoachwa. Kwenye viwanja vilivyosafishwa tu, bila nyasi wala mti, afya ya akili haikuonyesha tofauti ya maana.

Habari hizi njema zina upande unaowatia wapangaji hofu. Utafiti mwingine, uliofanywa Kensington, ulionyesha kwamba kiwanja kilichotelekezwa kikitengenezwa, thamani ya nyumba zinazokizunguka inaweza kupanda hadi asilimia 30. Kwa mwenye nyumba hiyo ni akiba. Kwa mpangaji ni barua ya kodi mpya, na mpangaji huyo huenda ndiye aliyemwagilia mti mwaka mzima. Mashirika ya kijani hayana mamlaka juu ya kodi ya nyumba, lakini yana nafasi katika vikao vya jiji, na yanapaswa kuitumia. Kupendezesha mtaa kisha kunyamaza waliouhangaikia wakihamishwa ni kuiacha kazi nusu.

Mwaka 2022 Detroit ilitangaza mpango mpya wa miaka mitano ambao The Greening of Detroit ni mshirika wake: kupanda miti 75,000 na kuwafundisha watu 300 wa mji huo kazi ya kuitunza. Wafadhili watauliza kwanza ile namba kubwa, kama ilivyo kawaida yao. Swali la maana zaidi ni miche mingapi itakuwa hai mwaka wa tano baada ya kupandwa, na wangapi kati ya wale 300 watakuwa bado wanalipwa mshahara kwa kuitunza. Hesabu hiyo haihitaji chombo chochote cha kisasa. Inahitaji mtu wa kupita mtaa kwa mtaa, akihesabu miti na kugonga milango iliyokataa mara ya kwanza, kuuliza kama jibu limebadilika na wangependa mti gani.