Ukiota, Ujue Waota

Kwa karibu miaka thelathini nilikuwa nikizama Mtongwe. Si kila usiku. Yaweza kupita miezi miwili nikasahau kabisa, kisha ndoto ikaja mara tatu katika juma moja, hasa uingiapo mwezi wa Aprili. Mke wangu alikwisha zoea. Akinitikisa bega, akisema, “Bwana, uko nyumbani,” kisha hugeukia upande wa pili akalala. Mimi nikibaki macho hadi adhana ya alfajiri.

Wenzangu wa Likoni hawana haja ya kuelezwa, lakini wako vijana waliozaliwa baadaye. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mtongwe kwenda kisiwani ilipinduka muda mfupi tu baada ya kuondoka gatini. Ndani walikuwamo watu wapatao 400, wengi wao wakienda kazini, na waliokufa walikuwa 272. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilichelewa. Nilikuwa ningali mteremkoni, ndara moja mkononi kwa kuwa gidamu imekatika, nilipoiona feri ikilala upande kama mtu aliyechoka. Yaliyofuata sina haja ya kuyaandika.

Ndotoni sichelewi. Ndara zangu ni nzima, feri naipata, na inapoanza kulala upande huja mkono ukanishika shati kwa nyuma ukanivuta chini.

Siyasemi haya kwa kutaka huruma. Kila nyumba ya pwani ina msiba wake. Nayasema kwa sababu mwaka juzi nilijifunza kwamba mtu aweza kuota huku akijua kwamba aota, na kwamba hata aliye mwepesi wa ndoto za kutisha aweza kunufaika na jambo hilo, ila asianzie pale wanapoanzia wengine. Mimi nilianzia pabaya.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya. Jinamizi ni lile linalomjia mtu katika mang’amung’amu: macho yako wazi, dari waiona, jogoo wamsikia, lakini mkono haunyanyuki wala ulimi hautamki, na kifuani kama pamekaliwa na kitu kizito. Wataalamu wa usingizi wanaeleza kwamba tunapoota viungo hufungwa, isipokuwa macho na pumzi, ili tusije tukainuka tukazitenda ndoto zetu. Na pengine akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa. Hali hiyo hukaa kitambo kidogo ikaondoka, wala haiui. Lakini mtu aliye peke yake gizani hukitia sura kile asichokielewa. Mwaka 1995, huko Pemba na kisha Unguja, watu walihama vyumbani wakalala nje kwa makundi kwa kumwogopa Popobawa, na wachunguzi wa visa vile wameona kwamba mengi waliyosimulia walioshambuliwa yanafanana mno na jinamizi. Sisemi kwamba majini hayako. Yametajwa katika Kitabu, na mimi si wa kukanusha. Nasema tu kwamba si kila uzito wa kifuani ni jini.

Ndoto ya kutisha ni kitu kingine. Hiyo huja ndani ya usingizi wenyewe, aghlabu saa za mwisho za usiku, ina kisa chake na watu wake, na mwisho wake ni kukugutusha.

Adabu zake tulifundishwa chuoni. Maalimu wetu, Mungu amrehemu, alitwambia kwamba ndoto ni za namna tatu: bishara njema itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu huizungumza nafsi yake. Aliyeota vibaya ajikinge kwa Mungu, ateme kushotoni mara tatu mate mepesi, ageuze ubavu, na asimhadithie mtu. Na akipenda ainuke asali. Ama Ayatul Kursiyyu kabla ya kulala, hiyo haikuwa na mjadala. Aliyeisahau alionja bakora. Hayo nimeyashika umri wangu wote na sitayaacha. Yamenituliza kila baada ya ndoto. Lakini ndoto yenyewe ilikuwa ikirudi, na nilianza kuuogopa usingizi kama mtoto aogopavyo jando.

Basi presha ikanipeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana wa kuweza kuwa mwanangu, na baada ya kunifunga mkono na kuusoma mtambo wake akaniuliza, “Mzee, usingizi waupata?” Sikuwahi kuulizwa na daktari swali hilo. Nikamwambia. Jambo la kwanza alilofanya ni kutaka kuziona dawa zangu zote, maana ziko dawa zinazochochea ndoto kali: propranolol ya presha na moyo ni mojawapo, mefloquine ya malaria ni nyingine, na efavirenz waliyopewa wengi wenye virusi vya ukimwi katika miaka iliyopita. (Msomaji asije akaacha dawa kwa kusoma gazeti, amwulize aliyemwandikia.) Akaniuliza pia kuhusu miraa na muguka. Mwenye kutafuna akakesha siku mbili, usingizi ukija hulipiza kisasi, na ndoto zake huwa nzito.

Mimi sitafuni. Basi akanieleza matibabu ambayo daktari Barry Krakow na wenzake wa Marekani walitoa matokeo yake mwaka 2001. Uchunguzi wao ulihusu wanawake 168 wa New Mexico walionajisiwa, ambao ndoto mbaya hazikuwaacha. Baadhi yao walifundishwa njia mpya na wengine wakangoja zamu, na waliofundishwa wakapata nafuu kubwa. Njia yenyewe ni nyepesi hata huamini: mchana kweupe, mtu huichukua ndoto yake, akaibadilisha apendavyo, akaiandika ilivyobadilika, kisha kila siku akaipitisha akilini kwa dakika chache ile mpya, ya zamani akaiacha.

Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, na wala sikufanya alivyosema. Nilikuwa nimevutiwa na jambo jingine alilolitaja kwa kupita, la kuota ukijua waota. Likaniingia kichwani. Nikasoma. Mholanzi mmoja, Frederik van Eeden, aliziandikia makala ndoto za namna hiyo mwaka 1913, na kwa miaka mingi wataalamu walidhani ni porojo. Lakini mwaka 1975 huko Hull, Uingereza, Keith Hearne alimlaza mtu aliyekubaliana naye kwamba akijitambua ndotoni azungushe macho kushoto na kulia kwa hesabu maalumu. Macho, tulivyosema, hayafungwi. Ishara ikaja, mtu yungali usingizini. Na mwaka 2021 wataalamu wa nchi nne walitoa habari kwamba wamewauliza maswali watu walio katikati ya ndoto na kujibiwa: mmoja aliulizwa nane ukitoa sita, akasogeza macho mara mbili.

Njia inayosifiwa sana ni kuamka baada ya kulala saa tano hivi, kukaa macho kidogo, kisha kurudi kitandani na nia ya kujitambua. Kila afungaye Ramadhani aijua nusu ya njia hiyo: ndoto za baada ya daku na sala ya alfajiri huwa wazi kama mchana, kwa kuwa sehemu ya mwisho ya usiku ndiyo yenye ndoto nyingi. Nikaona hii ni rahisi. Nikaamka saa tisa usiku, nikanywa kahawa, nikarudi. Usiku wa kwanza, jinamizi. Usiku wa pili, jinamizi tena, na mara hii lilikuwa na mkono, ukinivuta shati. Nilipiga kelele hata jirani akagonga ukuta.

Nilipomrudia daktari alicheka kidogo, kwa adabu. Kule kuamka na kulala tena, alisema, ndiko kunakoikata akili na mwili vipande viwili. Asiyekuwa na ndoto mbaya huvuka salama. Mwenye nazo hujifungulia mlango wa jinamizi. “Mzee, anza mchana,” akaniambia.

Nikatafuta daftari. Lakini hapo pakatokea swali: je, kuiandika si kuihadithia? Nikamwendea shekhe mmoja wa huku kwetu ninayemwamini kwa elimu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama niotayo ni jambo ambalo halijakuwa au jambo lililokuwa. Nikamwambia limekuwa, na makaburi yake yapo. Akasema kwa rai yake hiyo ni ile namna ya tatu, nafsi yajizungumza yenyewe, nami kuishika kalamu kwa ajili ya dawa si sawa na kuizungusha barazani ikatafutiwa tafsiri.

Sisi watunzi twajua kwamba ubeti ukishaanza, vina na mizani vimekushika, lakini kituo kingali chako. Nikadhani kazi itakuwa nyepesi. Nikaandika feri ikifika ng’ambo salama. Nikaisoma, nikaona haya. Wale hawakufika, na mimi sina haki ya kuwavusha kwa kalamu. Nikachana ukurasa. Siku ya pili nikaandika kwamba nimechelewa, niko mteremkoni. Nayo nikaichana, kwa sababu nyingine ambayo msomaji aweza kuikisia. Ilinichukua juma zima kupata kituo changu, na kilikuwa na maneno machache: feri yalala, mkono wanishika, nami nageuka nimtazame mwenye mkono. Basi. Nikawa naipitisha kila siku baada ya sala ya alasiri, mlango wazi, watoto wakicheza uani.

Baada ya mwezi nikaongeza la pili, kujihoji mchana kama niko macho. Hushauriwa kusoma maandishi mara mbili, maana ndotoni herufi na tarakimu hazitulii. Mtu mmoja alinishauri nifanye hivyo wakati wa kutawadha, kwa kuwa ni mara tano kwa siku, nikakataa katakata. Wasiwasi wa udhu ni maradhi ya kale, sina haja ya kuyaalika. Nikachagua feri. Kila nikanyagapo feri ya Likoni huitazama saa yangu ya mkono, natazama pembeni, kisha naitazama tena.

La tatu ni nia. Nikimaliza nyiradi zangu za kulala huiambia nafsi: nikiota, nikumbuke kwamba naota. Si jambo geni hilo. Anayetia nia ya kuamka tahajudi mara nyingi huamka bila saa. Na Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, ametaja maneno yanayosemwa kabla ya usingizi ili kuipata ndoto itakiwayo, akakiri kwamba yeye mwenyewe aliona mambo ya ajabu kwa njia hiyo. Lakini akatahadharisha kwamba nia haileti ndoto, bali huiandaa tu nafsi kuipokea.

Miezi mitatu haikutokea kitu. Kisha usiku mmoja, feri, watu, harufu ya mahamri, nami nikaitazama saa. Saa nne na robo. Nikaitazama tena, tarakimu zilikuwa zikitambaa kama siafu. Nikajua. Nilidhani nikijua hofu itakwisha, lakini magoti yalitetemeka vilevile. Feri ikaanza kulala. Mkono ukaja. Nikageuka.

Alikuwa kijana, shati lake jeupe la kazini. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa amenishika kwa kuwa alikuwa akianguka. Nikaushika mkono wake na mimi, na hapo nikaamka, na mke wangu alikuwa amelala fofofo. Sikuwa nimepiga kelele.

Tangu hapo imerudi mara nne. Mara mbili nilijitambua, mara moja nilisahau nikavutwa kama zamani, na mara moja feri ilikuwa tupu. Sijajifunza kuruka angani kama wanavyodai wengine, wala sitaki. Kule Uholanzi mwaka 2006 watu 23 wenye ndoto mbaya walijaribiwa kwa mafunzo ya kujitambua. Ndoto zao zilipungua, hata kwa baadhi ambao hawakuwahi kujitambua kabisa. Huenda dawa ni ule mchana.

Wako wasiofaa kujaribu peke yao: mwenye kusikia sauti akiwa macho, asiyeweza tena kupambanua ndoto na kweli, na yule ambaye kuiandika ndoto kwamzidishia mtetemo badala ya kumpunguzia. Hao waende hospitali. Port Reitz kuna sehemu ya maradhi ya akili, na kwenda huko si aibu.

Dada yangu aliyeolewa Changamwe alinipigia simu juzi. Naye ana ndoto yake, tangu mwaka 1997, wakati wa vurugu za Likoni. Ameinunulia daftari, ameandika mwanzo wote, mwisho umemshinda. Akauliza alete tuusome pamoja. Nimemwambia Jumapili nipo, aje. Ila ile kurasa ya mwanzo aiache nyumbani kwake, aje na ule mwisho tu, hata ukiwa ni mstari mmoja.