Haki ya Mungu katika Fasihi ya Hekima ya Kiebrania

Neno la Kiebrania mashal, linaloitaja aina ya semi zilizomo katika kitabu cha Mithali, lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu mathal, ambalo ndilo asili ya mithali na methali za Kiswahili. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hayumo ugenini kabisa akifungua kitabu hicho. Aghalabu usemi huwa na vipande viwili. Hasa katika sura ya 10 hadi ya 15, kipande kimoja humtaja tsaddiq, yaani mwenye haki, na cha pili humtaja rasha, yaani mwovu. Mzizi wa tsaddiq waonekana pia katika sadiki na sadaka, zilizotufikia kupitia Kiarabu. Robert Lowth, katika mihadhara yake iliyochapishwa 1753, aliuhesabu mpangilio huo kuwa usambamba wa vipande vinavyopingana.

Je, mpangilio huo wadai nini kuhusu haki ya Mungu? Jibu lililozoeleka ni kwamba Mungu, kama hakimu, hupima kila tendo na kutoa thawabu au adhabu. Mwaka 1955 Klaus Koch alilipinga jibu hilo. Kwa maoni yake, semi nyingi hazitaji hukumu yoyote. Tendo lenyewe hubeba matokeo yake, na kazi ya Mungu ni kuyakamilisha. Sura ya 26 yamtaja mtu aangukaye katika shimo alilolichimba. Kiswahili nacho chasema: Mchimba kisima huingia mwenyewe. Katika semi zote mbili hapana baraza wala hakimu.

Kiambishi hu- katika methali hiyo chastahili kuangaliwa. Chaeleza lililo la kawaida, wala si sharti lisilovunjika. Mithali yenyewe yaukubali mpaka huo. Katika sura ya 16 kidogo chenye haki chasifiwa kuliko mapato mengi ya dhuluma. Usemi huo ungekosa maana kama mwenye haki hangeweza kuwa maskini na mwovu kuwa tajiri.

Kitabu cha Ayubu chaonyesha msiba utokeao kawaida inapogeuzwa kuwa sheria. Masimulizi ya nathari mwanzoni yamjulisha msomaji kwamba Ayubu hana lawama. Elifazi, Bildadi na Sofari hawalijui jambo hilo. Mithali husema kwamba uovu huleta maangamizi. Wao wauanza usemi kutoka mwisho wake na kukata shauri kwamba aliyeangamia lazima ni mwovu. Kimantiki, kauli ya kwanza haizai ya pili. Hata hivyo, katika sura ya 22 Elifazi amsingizia Ayubu kwamba aliwanyima maji wenye kiu na kuwafukuza wajane mikono mitupu. Hekima imekuwa fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuanguka. Katika sura ya 42 Mungu awakemea hao watatu kwa kutonena yaliyo sawa. Ayubu arudishiwa mali maradufu, lakini haambiwi kamwe sababu ya mateso yake.

Mhubiri aendelea mbele zaidi. Neno lake kuu ni hebel, lenye maana ya pumzi au mvuke, litokealo mara 38. Tafsiri ya Kiswahili ya 1952 ililiita ubatili. Katika sura ya 8 ashuhudia wenye haki wakipatwa na yawastahiliyo waovu, na waovu wakipata yawastahiliyo wenye haki. Hata hivyo, sura iyo hiyo yashikilia kwamba wamchao Mungu watakuwa heri. Kauli zote mbili zaachwa zisimame pamoja.

Vitabu hivi vitatu huitazamia haki hasa upande huu wa kaburi, kwa kuwa Sheoli huwapokea wote. Baadaye Hekima ya Sulemani, iliyoandikwa kwa Kiyunani, iliyaweka matumaini ya mwenye haki baada ya kifo.

Kwa mtaalamu wa methali, funzo ni kwamba ukweli wa usemi hautengani na yule ausemaye, yule aambiwaye, na wakati wa kuusema. Marafiki wa Ayubu walikuwa na semi nzuri mahali pasipofaa. Mithali yenyewe, katika sura ya 26, ilikwisha kuonya juu ya mithali iliyomo kinywani mwa mpumbavu.