RADA NA BARAFU YA MLIMA KILIMANJARO

Watu wa Tarime na Serengeti wanaijua barafu. Mvua ya mawe inaponyesha, vipande vya barafu huanguka shambani na kuharibu mahindi. Lakini barafu hiyo haikai. Jua likitoka, huyeyuka.

Ziko sehemu za dunia ambako barafu hukaa miaka elfu nyingi. Kusini kabisa liko bara la Antaktika. Huko, mahali pengine barafu ina unene wa zaidi ya kilomita 4. Hapa kwetu Tanzania barafu iko juu ya Mlima Kilimanjaro. Ni kidogo, lakini nayo ni ya zamani.

Barafu hujipanga namna gani?

Theluji huanguka mlimani. Upepo huleta vumbi na kulitandaza juu yake. Kisha huanguka theluji nyingine na kulifunika vumbi hilo. Ile ya chini hugandamizwa mpaka inakuwa barafu ngumu. Hivyo barafu hujipanga tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu.

Mtu anayechimba kisima huona jambo kama hilo. Kwanza hukuta udongo mweusi, pengine baadaye mwekundu, kisha changarawe. Kila tabaka lina habari yake.

Mwaka wa ukame huleta vumbi jingi. Mlima wa volkano ukilipuka hutoa majivu na moshi wenye asidi. Vitu hivi vikianguka juu ya theluji, hufunikwa na kubaki humo. Wazee wetu hukumbuka miaka ya zamani kwa majina ya njaa na ya rika. Barafu huitunza miaka hiyo kwa matabaka.

Rada ni kitu gani?

Simama mbele ya jabali kubwa, uite kwa nguvu. Sauti yako itakurudia. Huo ni mwangwi. Jabali likiwa karibu, mwangwi hurudi upesi. Likiwa mbali, huchelewa.

Rada ni chombo kinachotumia mwangwi. Lakini mwangwi wake si wa sauti, ni wa mawimbi ya redio. Mawimbi hayo ni ya jamii moja na yale yanayoleta taarifa ya habari katika redio yako.

Mawimbi ya redio yanaweza kupenya ndani ya barafu kavu. Yakikuta tabaka lenye vumbi au asidi, sehemu ndogo hurudi juu. Yanayobaki huendelea kushuka. Yakifika kwenye mwamba ulio chini ya barafu, hurudi mwangwi wenye nguvu zaidi. Chombo hupima muda wa kila mwangwi. Kutokana na muda huo, wataalamu hujua kina cha kila tabaka na unene wa barafu yote.

Muda huo ni mfupi mno. Kama barafu ina unene wa mita 50, wimbi hushuka na kurudi kabla ya kutimia sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Katika Antaktika rada hufungwa pia kwenye ndege, maana nchi ni pana sana. Kwa njia hiyo wataalamu walitambua hata maziwa yaliyofichika chini ya barafu. Kubwa kuliko yote ni Ziwa Vostok. Juu yake kuna barafu yenye unene wa karibu kilomita 4.

Kazi iliyofanyika Kilimanjaro

Mwaka 2000 wataalamu kutoka Marekani, wakiongozwa na Lonnie Thompson, walitoboa barafu ya Kilimanjaro mahali 6. Walitoa vipande virefu vya barafu, mfano wa magogo membamba. Ndani yake waliona tabaka la vumbi. Walisema ni alama ya ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita. Walisema pia kuwa barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700 hivi. Wataalamu wengine hawakukubali. Wao walisema huenda barafu hiyo haina umri mkubwa hivyo.

Lakini tundu moja huonyesha mahali pamoja tu. Kwa hiyo, Septemba 2015, wataalamu walipanda na rada mpaka kwenye barafu kubwa ya upande wa kaskazini wa kilele. Walipima unene kuanzia mita 6 hivi hadi karibu mita 54. Waliona pia kuwa matabaka ya ndani yamelala vizuri, hayakuvurugika. Hii ni habari njema. Tabaka lililosomwa katika tundu moja linaweza kufuatwa mpaka mahali pengine.

Jambo hili linatuhusu nini?

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Theluji mpya ni chache, hewa ni kavu, na dunia inazidi kupata joto.

Tusidanganyane kwamba barafu hiyo ikiisha, mito yetu itakauka. Mto Mara hautoki Kilimanjaro. Unaanza katika milima ya Mau, Kenya, na kuingia Ziwa Victoria. Kitakachopotea ni kumbukumbu. Vipimo vya mvua vilivyoandikwa nchini mwetu ni vya miaka mia na kitu tu. Barafu ina habari za ukame wa maelfu ya miaka. Mkulima anahitaji kujua kama ukame mrefu uliwahi kutokea, maana uliotokea jana unaweza kutokea kesho.

Barafu hatuwezi kuirudisha upesi. Lakini sasa tunajua kuandika. Kila darasa liwe na daftari la mvua. Tuandike tarehe mvua ilipoanza, siku iliponyesha, na siku ilipokatika. Tuandike pia mavuno. Wajukuu wetu watasoma.

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini tabaka la chini la barafu ni la zamani kuliko la juu?
2. Rada hujuaje unene wa barafu?
3. Wazee wa kijiji chenu wanakumbuka miaka gani ya njaa?
4. Nani atatunza daftari la mvua la darasa lenu?