Tanzanaiti haikupikwa na volkano ya Kilimanjaro

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inavyotawala anga la Moshi, ni rahisi kuamini kwamba moto wake ndio uliozaa kila jiwe la ukanda huu, pamoja na tanzanaiti ya Mererani. Umri unakataa. Kilimanjaro ilianza kujijenga takriban miaka milioni 2.5 iliyopita, ilhali miamba ya Mererani, sawa na ya milima ya Upare, iligeuzwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mabara ya kale yaligongana, matope ya bahari yakazikwa kilomita nyingi ardhini, na huko joto na mgandamizo vikayapanga upya madini yake pasipo kuyayeyusha. Hiyo ndiyo miamba metamofiki. Wanajiolojia huitambua kwanza kwa mpangilio: madini bapa yakilazwa sambamba huwa shisti, joto likizidi, madini hujitenga kwa mistari myeupe na myeusi, ikawa naisi. Chokaa hugeuka marumaru, ambayo kwa kawaida haina mistari ya namna hiyo. Tanzanaiti hukaa ndani ya naisi yenye kinywe (grafiti), na kinywe hicho ni mabaki ya viumbe wa bahari ile.

Mtu atasema volkano nayo huchoma miamba jirani. Ni kweli, lakini joto lake haliendi mbali, na naisi hizi zimetanda kutoka Msumbiji hadi Kenya. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Mererani, anatafuta jiwe la bluu, si historia yake. Lakini historia hiyo ndiyo anayoivuta puani. Lava za Kilimanjaro kwa sehemu kubwa hazina kwatzi. Naisi inayo tele. Kuchoronga na kulipua huisaga kuwa vumbi laini linalofika ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Huo ni ugonjwa wa silikosisi, usio na tiba, na unaomweka mchimbaji katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, hupokea wachimbaji wa Mererani wenye maradhi haya. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo kiasi hicho. Maji yanayomwagwa mwamba unapochorongwa hulituliza vumbi kabla halijapaa. Kifua kikuu hupona kwa dawa, makovu hayafutiki, kwa hiyo mchimbaji wa naisi apimwe mapafu kabla hajaanza kukohoa.